Sehemu Badala ya Kizima: Uhakiki wa Taashira katika Matini za Protini Rekombinanti ya Basijini ya Binadamu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna basijini, kipokezi cha binadamu kinachokaa juu ya utando wa seli, inavyotajwa na kusimuliwa katika matini za kisayansi pindi inapotengenezwa upya kwa matumizi ya maabara. Hoja kuu ni kwamba jina la kipokezi kizima hubebeshwa kipande chake cha nje peke yake, na kwamba taashira hiyo si pambo la lugha bali ni sehemu ya hoja yenyewe. Matini zinazochunguzwa ni majina ya protini hii, karatasi za maelezo zinazoambatana na bidhaa zake, na taarifa tatu za utafiti zilizochapishwa mwaka 2011, 2021 na 2023. Inabainika kuwa taashira hiyo iliwezesha ugunduzi mkubwa kuhusu malaria, lakini pale ilipoachwa bila kutambuliwa ilificha sababu ya kingamwili fulani kuzuia vimelea. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ambavyo uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili unaweza kuhifadhi tofauti kati ya sehemu na kizima.

1.0 Utangulizi

Uhakiki katika Kiswahili umejikita zaidi katika riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Matini za sayansi ya maabara zimeachiwa wataalamu wake, kwa dhana kwamba lugha yake ni ya moja kwa moja na haina tamathali. Dhana hiyo haina mashiko. Mwandishi wa sayansi naye huchagua jina, hukata sehemu na kuacha nyingine, humpa mhusika mmoja nafasi ya mtendaji na mwingine nafasi ya mtendwa. Uchaguzi huo huongoza namna msomaji anavyoelewa kilichotokea katika chombo cha majaribio.

Basijini inafaa kuchunguzwa kwa mtazamo huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni protini ambayo vimelea vya malaria vya aina ya Plasmodium falciparum huihitaji ili kupenya ndani ya chembe nyekundu za damu. Chanjo zinazolenga hatua hiyo ya upenyaji zimejaribiwa Bagamoyo, Tanzania, na Taasisi ya Afya Ifakara kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford. Pili, historia ya utafiti wake katika kipindi kisichozidi miaka kumi na mitano inaonesha kwa uwazi jinsi jina lililotumiwa kwa kulegea linavyoweza kusaidia, kupotosha na hatimaye kusahihishwa.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Dhana inayoongoza uhakiki huu ni taashira, kwa maana ya tamathali ambayo sehemu ya kitu husimama badala ya kitu kizima. Anayesema kwamba kijiji kimepoteza nguvukazi huku akitaja mikono iliyoondoka shambani anatumia taashira: mikono ni sehemu, watu ni kizima, na msikilizaji hadhani kwamba viganja vimekatwa na kuchukuliwa. Tamathali hufanya kazi kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wanajua kilichoachwa bila kutajwa.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya taashira ya kifasihi na taashira inayochunguzwa katika makala haya. Katika maabara, sehemu hukatwa kweli. Kipande cha protini hutenganishwa na kizima chake, huwekwa katika chupa ndogo, kisha jina la kizima hubandikwa juu ya chupa hiyo. Msomaji aliyezoea taaluma anajua kuwa ndani kuna kipande. Msomaji mwingine, na wakati mwingine mtaalamu huyohuyo baada ya kusoma jina lilelile mara nyingi, huanza kuamini kwamba kipande ndicho kizima. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ni mvua.

Swali la uhakiki, kwa hiyo, si kama taashira inaruhusiwa. Bila taashira hii sehemu kubwa ya utafiti wa vipokezi isingewezekana. Swali ni kama matini inamwachia msomaji njia ya kurudi kutoka kwenye sehemu hadi kwenye kizima.

3.0 Majina ya Protini na Mtazamo wa Mtaji

Protini inayozungumziwa ina majina kadhaa, na kila jina linafichua mtazamo wa aliyelitoa. Jina basijini lilitolewa nchini Japani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima mwaka 1990. Walilifupisha kutokana na maneno yanayoiweka protini hiyo katika ukoo mkubwa wa protini zinazofanana kiumbo na kingamwili. Hilo ni jina la nasaba: linamweka mhusika katika ukoo wake kabla ya kueleza anachofanya. Watafiti wa saratani waliita protini hiyohiyo EMMPRIN, kifupisho kinachotaja uwezo wake wa kuchochea vimeng'enya vinavyovunja tishu zinazozunguka seli. Hilo ni jina la kitendo, na ni kitendo kinachotazamwa kutoka upande wa uvimbe unaoenea. Wataalamu wa kinga waliipa namba, CD147, katika orodha ya kimataifa ya alama za seli. Wataalamu wa utoaji damu waliijua kupitia kundi la damu la Ok, ambalo antijeni yake hubebwa na protini hiyo.

Majina haya manne hayapingani, lakini hayalingani. Lililo muhimu zaidi kwa uhakiki huu ni neno la tano, ambalo si jina maalumu bali ni cheo: kipokezi. Neno hilo limeundwa kwa kitenzi pokea, na kwa kawaida linaashiria kitu kilichowekwa ili kupokea. Basijini inapoitwa kipokezi cha RH5, yaani kipokezi cha protini ya kimelea cha malaria inayojulikana kwa jina hilo, msimulizi amehamia upande wa kimelea. Ni kwa kimelea peke yake kwamba basijini ni mahali pa kupokelewa.

Kwa chembe nyekundu ya damu yenyewe, basijini ina kazi nyingine. Ilikwishabainika kufikia mwaka 2000 kwamba protini hii huambatana na visafirishaji vya lakteti, kikiwamo kile kiitwacho MCT1, na kuvisaidia kufika na kukaa kwenye utando wa seli. Kwa kuwa chembe nyekundu hupata nishati kwa kuvunja glukosi bila kutumia oksijeni, hulazimika kutoa nje lakteti inayozalishwa, na MCT1 ndiyo njia ya kutolea. Kwa mtazamo wa chembe, basijini ni msindikizaji. Cheo cha kipokezi kinamsahaulisha msomaji usindikizaji huo, na pamoja nao kinawasahaulisha wanaosindikizwa. Usahaulifu huu unaonekana mdogo hapa, lakini utakuwa na uzito mkubwa katika sehemu ya saba ya makala haya.

4.0 Karatasi ya Maelezo ya Bidhaa

Protini rekombinanti ni protini inayotengenezwa na seli zilizopandikizwa jeni kutoka kwa kiumbe kingine au kutoka katika mazingira mengine. Protini rekombinanti za vipokezi vya binadamu huuzwa kwa watafiti zikiwa na karatasi fupi ya maelezo. Licha ya tofauti za wauzaji, karatasi hizi zina mpangilio unaofanana kiasi cha kuhesabiwa kuwa utanzu. Huanza na jina la protini, hufuatiwa na seli zilizotumika kuitengeneza, mipaka ya kipande kwa namba za asidi amino, lebo iliyoongezwa, kiwango cha usafi, kipimo cha utendaji, maelekezo ya kuhifadhi kwenye ubaridi, na mwisho tamko kwamba bidhaa ni kwa matumizi ya utafiti tu.

Utanzu huu una sauti ya pekee. Hauna mtendaji. Protini imetengenezwa, imesafishwa, imekaushwa, imepimwa. Aliyefanya hayo hatajwi. Kauli ya kutendwa hapa hutimiza kazi ya kuonesha kwamba matokeo hayategemei mkono wa mtu fulani. Hata hivyo, kauli hiyo huficha pia maamuzi. Kuna mtu aliyeamua mahali pa kukata.

Uamuzi huo ndio kiini cha karatasi nzima. Aina ya basijini iliyo ya kawaida zaidi mwilini ina asidi amino 269. Upande wa nje wa seli ina vikonyo viwili vilivyokunjwa kwa umbo la ukoo wa kingamwili, kisha hupita ndani ya utando mara moja tu, na humalizikia kwa mkia mfupi ndani ya seli. Sehemu inayopita kwenye utando hupenda mafuta na huchukia maji. Ikiachwa, protini hujikusanya na kuharibika katika maji ya chumvi ya maabara. Kwa sababu hiyo hukatwa, pamoja na mkia wake, na kinachobaki ni sehemu ya nje inayoyeyuka vizuri. Mahali pa sehemu iliyokatwa huwekwa lebo, kwa mfano mnyororo wa histidini sita au kipande cha Fc cha kingamwili, ili protini iweze kunaswa na kusafishwa.

Jambo la kutia maanani ni mahali taarifa hii inapokaa katika matini. Jina kubwa juu ya karatasi humtangaza mhusika mzima: basijini ya binadamu. Ukweli kwamba ni kipande upo, lakini umewekwa chini katika tarakimu mbili za mipaka ya asidi amino. Karatasi haisemi uongo. Inasema ukweli kwa herufi ndogo na kutamka taashira kwa herufi kubwa.

Maneno ya binadamu nayo yanahitaji kuhakikiwa, hasa yanapoingia katika Kiswahili. Kihusishi cha a-unganifu hubeba uhusiano wa namna nyingi. Kikombe cha udongo kimetengenezwa kwa udongo. Kikombe cha chai kimekusudiwa chai. Kikombe cha Asha kinamilikiwa na Asha. Je, protini ya binadamu imetoka kwa binadamu, imetengenezwa na seli za binadamu, au imefuata tu mpangilio wa asidi amino ulio katika jeni ya binadamu? Karatasi nyingi zinakusudia maana ya tatu, wakati msomaji huelekea kwenye ya kwanza.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Basijini asilia hubebeshwa minyororo ya sukari katika sehemu tatu za upande wake wa nje, na minyororo hiyo huongeza ukubwa wake na kubadilisha uso wake. Bakteria wa E. coli, ambao hutumika sana kutengeneza protini kwa gharama ndogo, hawaweki minyororo hiyo. Seli za HEK293, ambazo asili yake ni figo ya kijusi cha binadamu na ambazo zilitayarishwa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huiweka, ingawa si lazima iwe sawa kabisa na ile iliyo kwenye chembe nyekundu ya damu. Bidhaa mbili zinaweza kuwa na jina moja na mfuatano mmoja, huku moja ikiwa imevikwa sukari na nyingine ikiwa tupu. Zote mbili zinaitwa basijini ya binadamu.

5.0 Mwaka 2011: Taashira Inapotimiza Ahadi

Ni kosa kuhitimisha kutokana na hayo kwamba kipande hakifai. Utafiti wa Crosnier na wenzake uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2011 ni ushahidi wa kinyume chake. Kabla ya utafiti huo ilijulikana kwamba kimelea cha malaria kina protini ya RH5 ambayo hakiwezi kuishi bila hiyo katika hatua ya damu, lakini haikujulikana inashika nini kwenye chembe nyekundu. Watafiti walitengeneza sehemu za nje za protini nyingi za uso wa chembe nyekundu, wakazijaribu moja baada ya nyingine dhidi ya RH5. Basijini ikajibu.

Mbinu waliyotumia inastahili kusomwa kwa makini. Mshikamano kati ya protini za uso wa seli mara nyingi ni dhaifu na hudumu kwa muda mfupi sana, kiasi kwamba kuosha chombo mara moja hutosha kuuondoa. Ili usipotee, protini ya upande mmoja wa jaribio iliunganishwa kuwa kundi la nakala tano, hivyo mishiko midogo mitano ikaleta mshiko mmoja unaopimika. Kwa lugha ya uhakiki, taashira ilitiliwa mkazo kwa njia ya takriri: sehemu ilisemwa mara tano ili isikike.

Kilichoupa utafiti huo nguvu, hata hivyo, ni kwamba haukuishia kwenye sehemu. Kipande kilipotoa dokezo, watafiti walirudi kwenye kizima. Kingamwili dhidi ya basijini zilizuia vimelea kupenya ndani ya chembe hai za damu. Chembe ambazo basijini yake ilipunguzwa zilipenywa kwa shida. Matokeo hayo yalionekana katika aina zote za vimelea zilizojaribiwa. Njia ya kurudi kutoka sehemu hadi kizima ilipitiwa katika matini ileile, na msomaji anaiona. Kwa kigezo kilichowekwa katika kiunzi cha makala haya, huu ni mfano wa taashira iliyotumiwa kwa uaminifu.

6.0 Mwaka 2020 na 2021: Kipande Kama Shahidi

Hali ilikuwa tofauti wakati wa janga la korona. Mwaka 2020 ilidaiwa kwamba CD147 ni njia nyingine ambayo kirusi cha SARS-CoV-2 huitumia kuingia katika seli, mbali na kipokezi cha ACE2 kilichokwisha kutambuliwa. Sehemu ya ushahidi wa dai hilo ilitokana na kupima mshikamano wa protini rekombinanti. Dai lilisambaa haraka, likazua nadharia tete nyingi, na likawa msingi wa jaribio la tiba kwa wagonjwa.

Shilts na wenzake, kikundi kinachomjumuisha Gavin Wright aliyeshiriki pia katika utafiti wa 2011, walilirudia swali hilo katika makala yaliyochapishwa na jarida la Scientific Reports mwaka 2021. Walitumia vipimo vilivyoandaliwa kunasa mshikamano dhaifu, lakini hawakuona protini ya miiba ya kirusi ikishikamana na aina yoyote kati ya aina mbili za kawaida za basijini. Hawakuishia kwenye vipande. Walijaribu pia basijini iliyo juu ya seli za binadamu, kisha wakaiondoa kabisa kwenye seli za mapafu na kuona kwamba uwezo wa kirusi kuziambukiza seli hizo haukubadilika.

Mhakiki anaona hapa suala la ushahidi. Kipande kilichotolewa kwenye chupa huitwa kutoa ushahidi kwa niaba ya kizima ambacho hakipo. Iwapo kipande kimekunjwa vibaya, au kimechanganyika na kitu kingine, au kimepimwa kwa kiwango kisicho cha kawaida mwilini, ushahidi wake utatolewa kwa jina lilelile lenye heshima. Jina halionyeshi tofauti kati ya shahidi mzima na shahidi mbovu. Ndiyo maana kipimo cha utendaji katika karatasi ya bidhaa si kipengele cha mapambo: kipande kinachoshindwa kushika RH5, mshirika aliyethibitishwa wa basijini, hakina haki ya kusema lolote kuhusu mshirika asiyethibitishwa.

7.0 Mwaka 2023: Kizima Kinaporejea

Mfano wenye uzito zaidi unatokana na makala ya Jamwal na wenzake yaliyochapishwa katika jarida la eLife mwaka 2023. Kwa miaka kumi na miwili basijini ilikuwa imesimuliwa kama mhusika anayesimama peke yake mlangoni pa chembe nyekundu. Umbo la RH5 ikiwa imeshikana na sehemu ya nje ya basijini lilikwishachorwa mwaka 2014, na picha hiyo ilikuwa imekuwa kielelezo cha kawaida. Ndani yake kuna wahusika wawili tu.

Palikuwa na jambo lisiloelezeka. Baadhi ya kingamwili dhidi ya RH5 zilizuia kwa nguvu sana ukuaji wa vimelea, lakini zilipojaribiwa kwa kipande cha basijini hazikuzuia RH5 kukishika. Kwa kufuata simulizi ya wahusika wawili, kingamwili hizo zilikuwa kitendawili: zilifanya kazi pasipo kuzuia kile kilichoaminika kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Jamwal na wenzake walionesha kwamba katika chembe nyekundu basijini haipatikani peke yake. Hupatikana ikiwa imeungana ama na MCT1, kisafirishaji cha lakteti, ama na PMCA, pampu inayotoa kalsiamu nje ya chembe. RH5 hushika kila moja ya miungano hiyo kwa nguvu zaidi kuliko inavyoshika sehemu ya nje ya basijini iliyotengwa. Na zile kingamwili zilizokuwa kitendawili, ingawa hazikuzuia RH5 kushika kipande, zilipunguza ushikaji wake kwenye miungano. Zinaizuia RH5 kwa ukubwa wa maumbile yake, kwa kuziba nafasi ambayo washirika wa basijini huijaza. Katika jaribio la kipande nafasi hiyo ilikuwa wazi, kwa hiyo hapakuwa na cha kuziba.

Mtu akirejea kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa ataona maana ya tukio hili. Sehemu inayopita kwenye utando, ile iliyokatwa kwa sababu huchukia maji, ina nafasi kubwa katika kuiunganisha basijini na wenzake. Kisu kilichoirahisisha protini kilikata pia ujamaa wake. Jina halikubadilika. Kwa kuwa jina halikubadilika, kutokuwepo kwa wenzake hakukuonekana kama pengo. Kulionekana kama hali ya kawaida ya basijini.

Ikumbukwe kwamba taarifa kuhusu basijini na visafirishaji vya lakteti haikuwa mpya. Ilikuwa imechapishwa zaidi ya miaka ishirini kabla, lakini katika tapo jingine la maandishi, lile linaloitazama protini hii kama msindikizaji. Waliosoma kuhusu kipokezi na waliosoma kuhusu msindikizaji walikuwa wakisoma kuhusu protini moja kwa vyeo viwili. Hapa ndipo uhakiki wa majina uliofanywa katika sehemu ya tatu unapopata uthibitisho wake: cheo kilichochaguliwa kiliamua ni maswali gani yaonekane ya kawaida kuulizwa.

8.0 Sitiari ya Kufuli na Ufunguo

Taashira hii imepewa nguvu na sitiari kongwe zaidi. Mwaka 1894 mwanakemia wa Kijerumani Emil Fischer alilinganisha kimeng'enya na kitu kinachofanyiwa kazi na kimeng'enya hicho na kufuli na ufunguo. Sitiari hiyo imehamia katika ufundishaji wa vipokezi, na katika vitabu vya Kiswahili imeingia kwa urahisi kwa sababu kufuli ni kitu kinachojulikana na kila mtu.

Urahisi huo una gharama. Kufuli hubaki kufuli hata likiwa dukani, mbali na mlango wowote. Fundi anaweza kulijaribu kwa ufunguo wake juu ya meza na matokeo yakawa yaleyale yatakayopatikana nyumbani. Sitiari ya kufuli, basi, humfundisha mwanafunzi kwamba kipokezi kinaweza kung'olewa na kujaribiwa peke yake bila kupoteza chochote. Historia ya basijini inaonesha kinyume. Kwa jinsi inavyofanya kazi kwenye chembe, inafanana zaidi na bawaba: umbo lake lapatikana dukani, lakini kazi yake haipo mpaka ishikiliwe na mlango upande mmoja na mwimo upande wa pili. Makala haya hayadai kwamba bawaba ni sitiari kamilifu. Yanadai tu kwamba sitiari inayofaa kwa kipokezi cha namna hii ni ile inayomlazimisha msomaji kuuliza kimeshikamana na nini.

9.0 Athari kwa Uandishi wa Kitaaluma kwa Kiswahili

Suala hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa njia mahususi. Majaribio ya chanjo zinazotumia RH5 yaliyofanyika Bagamoyo yalihusisha watu wazima, watoto na watoto wachanga. Baadaye, chanjo ya RH5.1 pamoja na kichocheo cha Matrix-M ilijaribiwa Nanoro, Burkina Faso, kwa watoto wa umri wa miezi 5 hadi 17, na ufanisi wa takribani asilimia 55 dhidi ya ugonjwa wa malaria uliripotiwa katika kundi lililocheleweshewa dozi ya tatu. Chanjo hiyo haina basijini ndani yake. Ina RH5, nayo pia ni protini rekombinanti. Lakini ubora wa kingamwili zinazotokana na chanjo huchunguzwa maabara, na vipande vya basijini ni miongoni mwa zana za uchunguzi huo. Mtafiti anayechuja kingamwili kwa kigezo cha kuzuia kipande peke yake anaweza kuzitupa zile zilizo bora. Hilo ndilo linalofanya suala la jina kuwa zaidi ya suala la jina.

Pendekezo la kwanza ni kwamba mwandishi wa Kiswahili ataje sehemu kabla ya kizima: kipande cha nje cha basijini, na si basijini. Muundo wa Kiswahili unaruhusu jambo hili bila kuchosha, kwa kuwa nomino inayotangulia ndiyo inayotawala upatanisho wa sentensi nzima. Pakiandikwa kwamba kipande cha nje cha basijini kilishika RH5, kiambishi ki- katika kitenzi kinamkumbusha msomaji kwamba kilichotenda ni kipande. Pakiandikwa kwamba basijini ilishika RH5, kumbukumbu hiyo inapotea. Upatanisho wa ngeli, ambao mara nyingi hufundishwa kama kanuni ya sarufi tu, unakuwa hapa chombo cha uaminifu wa kisayansi.

Pendekezo la pili ni kuepuka kuachia a-unganifu peke yake mzigo wa kueleza asili. Badala ya protini ya binadamu, iandikwe protini yenye mfuatano wa binadamu iliyotengenezwa katika seli za HEK293, au katika E. coli, kadiri ilivyo. Pendekezo la tatu ni kutotumia neno kipokezi bila kutaja kinachopokelewa na kazi ya kawaida ya protini hiyo kwa seli inayoibeba. Tasnifu itakayoeleza kwamba basijini, msindikizaji wa MCT1, hutumiwa na kimelea kama kipokezi cha RH5, itakuwa imeweka mitazamo yote miwili katika sentensi moja.

Inaweza kupingwa kwamba mapendekezo haya yanarefusha maandishi, na kwamba wataalamu wanaelewana kwa ufupisho. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, wataalamu waliokutana na kitendawili cha kingamwili walikuwa ni walewale waliokata kipande na kukipa jina. Ujuzi wao haukutosha kuondoa athari ya ufupisho. Aidha, istilahi za Kiswahili katika taaluma hii bado zinajengwa, na ni rahisi kuweka msingi ulionyooka kuliko kunyoosha ukuta uliokwisha kusimama.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki matini za protini rekombinanti ya basijini kwa kutumia dhana ya taashira. Imebainika kwamba majina ya protini hii hubeba mitazamo ya taaluma zilizoyatoa. Kwamba karatasi za bidhaa hutangaza kizima na kuweka sehemu katika tarakimu. Na kwamba sitiari ya kufuli huhalalisha utengano huo. Utafiti wa 2011 ulionesha kwamba kipande kinaweza kuongoza kwenye ukweli pale kinaporudishwa kwa kizima chake. Utafiti wa 2021 ulionesha kwamba kipande chahitaji kupimwa kabla ya kuaminiwa kuwa shahidi. Utafiti wa 2023 ulionesha kwamba kilichokatwa kinaweza kuwa ndicho kilichohitajika ili kuelewa.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna vipokezi vingine vinavyotajwa katika vitabu vya kiada vya biolojia na katika tasnifu za sayansi ya afya zinazoandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili. Uchunguzi huo utahitaji ushirikiano wa wanaisimu, wahakiki na wanabiolojia, kwa kuwa hakuna upande mmoja unaoweza kuona peke yake kilichoachwa nje ya jina.